Senene na Nondo wa Ijumaa Kuu

Asifiwe Mungu Mwenyezi, anayewalisha wenye mabawa na wasio na mabawa, aliyenijalia kuamka leo nikiwa na akili timamu na mkono ambao bado unaweza kushika kalamu. Namshukuru kwa mengi aliyonipa bila kustahili. Na hili moja ninalotaka kusimulia, ambalo nilipewa pia bila kustahili, namwomba anisaidie kulisema jinsi lilivyokuwa, bila kulitia asali wala shubiri.

Wiki iliyopita nilikwenda sokoni Birere kununua sabuni. Karibu na mahali pikipiki zinapogeuzia, mama mmoja kijana alikuwa ameketi nyuma ya beseni la senene waliokaangwa, wekundu kwa mafuta yao wenyewe, wamechanganywa na vitunguu. Siku hizi wanakuja kutoka mbali, na wanakuja pale tu njia ya kaskazini inaporuhusu.

"Koko, onja kwanza," akaniambia, akiniita bibi kwa lugha ya huku. "Kuonja hakuna bei."

Nikaweka mmoja mdomoni. Yule mama akanitazama, akaona macho yamenilowa.

"Chumvi imezidi?"

"Hapana, mwanangu. Ni nzuri."

"Sasa unalilia nini?"

Nilimwambia ni vitunguu. Nikaenda zangu bila sabuni. Ninyi wa umri wangu mnajua: kuna chakula ambacho ukikiweka ulimini tu, unajikuta umesimama mbele ya hakimu, na hakimu mwenyewe hasemi kitu.

Nilipokuwa mtoto tulikuwa tunakaa juu ya Murara, mahali mji ulipokuwa ukiishia wakati ule. Nyumba yetu ilikuwa ya mbao, imesimama juu ya mawe meusi, na nyuma yake mashamba madogo yalijipenyeza kati ya mawe mpaka kwenye majani marefu. Baada ya majani ulianza msitu, ukipanda kuelekea mlimani. Papa, baba yetu, alikuwa mfanyabiashara. Mwaka huo alikuwa amepanda lori na mzigo wa chumvi kwenda Butembo, mvua ikakata njia nyuma yake, na hatukupata habari zake kwa muda mrefu. Tulibaki wanne: mama, dada yangu mkubwa Masika, mimi Kavira, na koko, mama yake papa, aliyekuwa ametoka milimani kwao kuja kukaa nasi.

Koko alikuwa mwembamba, mrefu, na alitembea kama mtu aliyebeba maji kichwani hata asipobeba kitu. Alikuja na rozari ya mbegu, mkeka, na desturi za kwao. Mojawapo ilikuwa hii: mke wa mtoto wake hakupaswa kumtazama anapokula. Ilikuwa heshima, na mama aliishika sana. Kila jioni alipika, akapakua sahani ya koko, akaifunika kwa sahani nyingine, akaipeleka katika chumba kidogo nilimolala na koko, akaiweka chini, akapiga goti kidogo na kutoka bila kugeuka. Sisi watoto tulikula jikoni na mama, yaani tulikula kile kilichokuwepo, na mwaka huo kilichokuwepo kilikuwa kidogo.

Kwaresima ilipoanza, nilipoingia kulala nilikuta sahani ya koko ingali imefunikwa.

"Koko, haukule?"

"Miye nimefunga, mutoto. Ni Kwaresima."

Nilivutiwa sana. Nilikuwa najiandaa kwa komunyo ya kwanza, na papa katekista alikuwa ametufundisha kwamba kufunga kunamfurahisha Mungu. Nikajiona nina bahati ya kulala mkeka mmoja na mtakatifu.

Asubuhi, mama akiwa ameshatoka kwenda shambani au sokoni, koko alikuwa akikaa jikoni na kiporo: kipande cha ugali kilichopashwa moto kwenye majivu, mara nyingine na sombe kidogo, yaani kisamvu. Alikigawa kati yetu, Masika na mimi. "Pokeeni," alikuwa akisema, "Mungu ameleta." Masika alifikiri mama ndiye aliyekibakiza. Mimi sikufikiri hivyo. Katika mafundisho tulikuwa tumefika pale ambapo wana wa Israeli waliamka jangwani na kukuta chakula chini, kama umande. Nikaunganisha. Mungu alikuwa akishusha kiporo jikoni kwetu wakati tumelala.

Basi nikaanza kuomba. Tulikuwa tukipiga magoti kabla ya kulala, koko na mimi, naye alinifundisha kuomba kwa sauti, maana alisema mtoto anayeomba kimya analala katikati ya sala. Nikasema kwa sauti: "Mungu wangu, asante kwa kiporo. Cha leo kilikuwa kidogo. Kesho leta kikubwa."

Kesho yake kilikuwa kikubwa.

Nikaomba na mboga. Mboga zikaja. Nilimwambia Masika kwamba ni sala yangu, akanicheka: "Sasa omba na nyama ya mbuzi." Niliomba kweli, lakini mbuzi hakuja, nikahitimisha kwamba Mungu naye ameheshimu Kwaresima. Koko, aliyekuwa amepiga magoti pembeni yangu, alisema amina ile ile kama siku zote.

Ijumaa Kuu tuliamka na kelele. Senene walikuwa wameanguka. Majani yote nyuma ya nyumba, kutoka kwenye mawe mpaka msituni, yalikuwa yameinama kwa uzito wao, na kwa kuwa umande ulikuwa umelowesha mabawa yao, hawakuweza kuruka. Waliotoka na sufuria walikuwa tayari wamesimama pembeni mwa majani, na hakuna aliyeingia. Siku hiyo haikuwa siku ya nyama. Papa katekista aliitwa, akaja na shati lililofungwa vifungo vibaya.

"Papa katekista," mama mmoja akauliza, "hii senene ni nyama ao si nyama?"

"Nani anauliza?"

"Njaa njo inauliza," sauti ya nyuma ikajibu, watu wakacheka chini chini.

"Senene hana damu," mwingine akasema.

"Lakini ana mafuta. Kitu chenye mafuta vile hakiwezi kuwa mboga."

"Samaki ana mafuta, na tunamukula."

"Samaki anaogelea. Umeona wapi senene anaogelea?"

Jirani yetu muzee Rukara, aliyetoka Masisi na mwenye ng'ombe wake nyuma ya ua, alikuwa ameegemea fimbo akitutazama. Kwao hawakula wadudu wa aina yoyote. "Ninyi watu wa Butembo," akasema, "mukiona kitu kinaruka munatafuta chumvi. Miye hata Pasaka sili."

"Afazali, muzee. Fungu lako tutakulia."

Papa katekista alikuna kichwa kwa muda mrefu. Mwishowe akaamua: kuokota si kula. Watu waokote, wakaange leo leo kwa sababu wataoza, lakini kinywa kibaki kimefungwa mpaka Jumapili.

"Na chumvi tutaijuaje bila kuonja?"

"Mutatia kwa imani," akasema, akaenda zake.

Tuliingia kwenye majani. Ninyi mliowahi kuokota senene mnajua ubaridi ule wa asubuhi, sketi ikigandamana na miguu, na senene wanavyong'ang'ania unyasi mpaka unang'oka nao. Mama na Masika waliokota kwa mikono miwili. Mimi nilisogea mpaka pale majani yanapokutana na miti, na hapo, chini ya jani la kichaka, nikaona kitu nilichodhani ni jani kavu. Nilipokigusa kilifunguka. Kilikuwa nondo, mkubwa kuliko kiganja changu, wa rangi ya udongo na kahawa, na katika kila bawa alikuwa na jicho. Jicho kamili, lenye mboni nyeusi na duara la njano. Sikuwa nimewahi kuona kitu kizuri vile. Nikamweka ndani ya kitambaa cha kichwa, nikamfunga kwa uangalifu, nikaenda naye nyumbani pamoja na senene.

Kunyonyoa senene tulikufanya uani, koko akiwa katikati. Tulipaka majivu vidoleni ili wasiteleze, tukavuta mabawa, tukavuta miguu. Nilimfungua nondo wangu na kumweka juu ya jiwe, nikawa namtazama yeye na senene kwa zamu. Senene alikuwa na kichwa kilichochongoka, sharubu ndefu kuliko mwili wake wote, miguu ya nyuma kama misumeno midogo, na meno. Ukimshika vibaya anauma, na hata ukimshika vizuri hachoki kutafuna hewa. Kila kitu chake kilikuwa kigumu na chenye haraka. Nondo alikuwa laini. Mwili wake ulikuwa mnene, umevaa manyoya kama mtu wa nchi ya baridi, na sharubu zake hazikuwa nyuzi bali vinyoya viwili vidogo, kama vya kifaranga. Hakuuma. Hakukimbia. Alitetemesha mabawa polepole, na unga wake ukabaki kwenye vidole vyangu.

Siku hizo nilikuwa na kichwa cha mafundisho. Nilijua kwamba Yohana Mbatizaji alikula nzige kule jangwani, na senene ni jamaa ya nzige, basi senene ni mdudu wa Mungu. Nilijua pia kwamba nondo ndiye anayeharibu hazina za watu. Basi nondo alikuwa wa upande ule mwingine, na mimi nilikuwa nimemfunga katika kitambaa changu, Ijumaa Kuu, kwa sababu ni mzuri.

Masika aliniona. "Unajua ile macho ni ya nani?"

"Ni yake."

"Haina yake. Ameiba. Anatupia mutu unga ndani ya macho, mutu anakuwa kipofu, na macho ya mutu inahamia pale ku mabawa. Hesabu, utaona: tayari amekwisha kupofusha watu wawili."

Nilimsukuma nondo kwa hofu. Akaruka, mzito, akapiga mbawa zake usoni pa koko. Koko akafumba macho, akajipangusa kwa upande wa kitenge na kucheka. "Huyu naye anataka kuninyonyoa," akasema. Nondo akapotea juu, kwenye boriti za jiko.

Mchana mtaa mzima ulinukia. Sina namna ya kuwaelezea harufu ya senene kwenye kila jiko, mafuta yao yakitoka polepole, kitunguu kikiwa chekundu, na hakuna mdomo hata mmoja unaotafuna. Watu waligeuza miiko wakitazama pembeni. Koko alikaanga wetu. Jasho lilimtoka, mara akashika ukuta, mara akakaa. Mama alisema apumzike, yeye akasema moto ni mkali.

Alasiri tulifuata Njia ya Msalaba, kutoka kwenye kikanisa chetu mpaka juu penye mawe. Katika kila kituo tulipiga magoti juu ya mawe yale makali na kuinuka tena. Tulipokaribia mwisho, watu waliinuka, koko hakuinuka. Mama alimshika mkono.

"Giza," koko akasema. "Kwa nini kumekuwa giza?"

Jua lilikuwa linawaka.

Nilijua mara moja. Watu walimbeba, wakampepea, wakasema ni jua, ni uzee, ni mawe. Muzee Rukara, ambaye alikuwa amekuja kwa heshima tu, alimweka mgongoni na kumteremsha. Nami nilitembea nyuma nikitazama visigino vya koko vikining'inia, nikiwa na unga wa nondo bado kwenye kucha. Nilikuwa nimemwendea adui wa hazina kwa miguu yangu mwenyewe, nikamleta nyumbani, na yeye akachukua macho ya koko. Sikumwambia mtu. Komunyo yangu ilikuwa keshokutwa.

Jumamosi asubuhi koko alikuwa bado amelala, uso umeelekea ukutani. Niliingia jikoni, nikapanda juu ya kinu, nikamkuta nondo kwenye boriti, mahali moshi ulipokuwa hafifu. Nilimchukua kwa mikono miwili. Nilikuwa nimefikiri jambo hilo usiku kucha: kama macho yalihama kwa unga, basi yangerudi kwa njia ile ile. Nikamletea koko.

"Koko, fungua macho."

Alifungua. Nikamsogezea nondo karibu na uso, nikamtikisa kidogo.

"Mutoto, unafanya nini?"

"Ninarudisha macho yako."

Alinitazama. Kisha akamtazama nondo. "Yana mviringo wa njano," akasema. "Yangu hayakuwa mazuri hivi."

"Kumbe unaona?"

"Ninaona. Jana ilikuwa giza la kupita. Nani alikuambia hii ni macho yangu?"

Nilimweleza yote, nikilia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka. Akajiinua kwa kiwiko, akamchukua nondo, akamgeuza chali kwa kidole kimoja.

"Tafuta kinywa chake."

Nilitafuta. Palikuwa na manyoya tu.

"Hana."

"Hana. Senene ana meno, anakula mpaka siku tunamuweka ndani ya sufuria. Huyu mukubwa wa msituni alikula zamani, akiwa angali mududu wa kutambaa. Usiku na muchana alikula majani. Akishavaa mabawa, basi. Hali tena. Anataga mayai, anakwenda. Atakulia nguo yako na nini? Atachukua macho ya mutu ayapeleke wapi?"

"Na hasikii njaa?"

Koko alimrudisha nondo kifudifudi. "Muulize," akasema.

"Anafunga kama wewe."

Hapo ndipo alipocheka, mpaka kikohozi kikamshika. "Ndiyo," akasema, "kama miye." Tukamwachilia nondo dirishani. Nilitoka nikiwa mwepesi kama karatasi. Koko anaona, nondo hana kosa, na mimi nitapokea komunyo.

Pasaka nilivaa gauni jeupe lililokuwa la Masika. Koko alisema ataomba akiwa nyumbani, miguu haikumtii. Tuliporudi kutoka misa, mama alitandika mkeka uani, maana siku ya sikukuu ile desturi ya kutotazamana ililegezwa na wote tulikula pamoja. Akagawa senene. Alimpa koko sahani ya kwanza, iliyojaa kuliko zote, akageuka kutupatia sisi. Alipogeuka, koko alisogeza sahani yake na kumimina karibu yote katika yangu, haraka, kama mtu aliyezoea.

Nilifurahi, na kwa kuwa nilikuwa najua jambo ambalo Masika hakulijua, nikalitangaza.

"Koko hali. Koko ni kama nondo wa msituni. Hana kinywa."

Masika akacheka. Mama hakucheka. Alitazama sahani ya koko, akatazama yangu.

"Mama," akamwambia koko polepole, "Kwaresima imekwisha."

"Meno yangu yanauma."

"Na sahani ninayokuletea kila jioni?"

Koko alifuta kitu ambacho hakikuwepo kwenye kitenge chake.

"Anafunika," nikasema, nikitaka kusaidia. "Anafunga siku zote. Halafu asubuhi Mungu analeta kiporo."

Nilisikia maneno yangu mwenyewe yakitoka. Sijui kama ninyi mmewahi kusikia neno lenu likiwa hewani bado na kutamani kulishika. Masika aliacha kutafuna. Mama aliweka sahani chini. Hakuna aliyenieleza kitu, sikuhitaji. Ugali wa jioni na ugali wa asubuhi vilikutana katika kichwa changu, vikawa ugali mmoja.

Mama alikuwa hajawahi kuinua sauti mbele ya mama mkwe wake, na hata siku ile hakuiinua. Alisogea kwa magoti mpaka mbele ya koko. "Nimekupa kisogo kila jioni kwa heshima," akasema. "Kumbe nilikuwa nakupa kisogo unakufa."

"Sikufi. Watoto wanakua. Miye nimekwisha kukua."

"Mtoto wako akirudi aulize mama yake yuko wapi, nitamwambia nini? Nitamwambia tulimkula?"

Koko alikunja midomo. Alikuwa mkaidi kwa upole wake, na niliona wazi kwamba hatakula, kwamba atatafuta sababu nyingine, meno au tumbo, na kesho nyingine tena. Nywele zake zilikuwa nyembamba kwenye paji. Mkono wake juu ya goti ulikuwa kama kitu kilichowekwa pale na mtu mwingine. Nilikuwa nimelala karibu na mkono ule kila siku na sikuuona.

Muzee Rukara, aliyesikia yote kutoka ng'ambo ya ua, aliingia na kibuyu cha maziwa bila kubisha hodi. "Senene zenu sitagusa," akasema, "lakini haya maziwa yametoka saa hii. Mwenye njaa ya siku nyingi asianze na mafuta. Aanze na haya, kidogo kidogo."

"Watoto wanywe kwanza," koko akasema.

"Hawanywi," mama akajibu. "Hakuna mtoto atakayekula wala kunywa ndani ya ua wa paseli hii mpaka wewe umekunywa. Na mimi siondoki hapa. Nitakutazama."

Alitazama kweli. Alimkazia macho mama mkwe wake, bila aibu, na mashavu yake yalikuwa yamelowa. Tulikaa. Senene walipoa katika sahani zetu, mafuta yakaganda. Mwisho koko alichukua kikombe, akanywa, akapumzika, akanywa tena. Mama alifuata kila funda kwa macho yake mpaka kikombe kikawa kitupu.

Jioni ile hatukupiga magoti. Nililala nimempa koko mgongo.

"Leo Mungu hatasikia kitu kutoka kwako?"

"Sitaomba tena," nikasema. "Ni miye niliomba kiporo kikubwa. Ni miye niliomba na mboga."

"Nilisikia."

"Kwa nini haukuniambia ninyamaze?"

"Ungenyamaza, ningejua namna gani kama unalala na njaa?" Akaweka mkono wake mgongoni pangu. "Ulimuomba Mungu, na Mungu akanituma miye wa karibu, hapa hapa ku mkeka. Kosa iko wapi?"

Papa alirudi njia ilipokauka. Koko alipata nguvu kiasi, akapalilia maharage, akatufundisha nyimbo za kwao. Msimu wa mvua uliofuata ulipofika katikati, alishikwa na kifua, akatuacha. Nimewauliza watu wengi maishani mwangu ni nini kilichomuua. Mama alisema ni kifua. Sista wa zahanati alisema ni kifua. Masika, aliyezikwa mwaka huu, Mungu amlaze pema, aliniambia akiwa kitandani kwake, "Kavira, acha. Ilikuwa kifua." Ninawaamini wote, na bado kila mara ninamwona mwanamke aliyeingia katika mvua ile akiwa amepungukiwa Kwaresima nzima ya chakula, na najua ni nani aliyekula.

Nilipokuwa mtu mzima nililipeleka jambo hili katika kitubio. Padri alinisikiliza, akasema hakuna dhambi hapo, mtoto aliomba chakula kama alivyofundishwa. Alikuwa sahihi. Lakini nitawaambia ukweli, ningependa ingekuwepo. Dhambi inaondolewa; unasimama, unafanya malipizi, unakwenda kwa amani. Upendo ambao wewe uliula bila kujua hauna wa kuuondoa. Unauzeekea.

Sasa niko Keshero kwa binti yangu, na miezi hii nyumba nyingi zinapika mara moja tu kwa siku. Binti yangu hana desturi za milimani, lakini ana kazi nyingi, na hanitazami ninapokula. Juzi aliniletea sahani. Nilisikia wajukuu wakikwangua sufuria jikoni, nikajikuta nimeifunika. Mjukuu wangu mdogo wa kike akachungulia mlangoni.

"Koko, umekwisha kula?"

Neno "ndiyo" lilikuwa tayari ulimini. Lilikuwa jepesi, tamu hata, na kwa mara ya kwanza nilimjua koko wangu kutoka ndani. Kisha nikamtazama yule mtoto amesimama pale, miguu mitupu, akinisadiki kabla sijasema. Nikafikiria miaka yote atakayoibeba sahani hii.

"Bado," nikasema. "Njoo ukae."

Nilifunua. Nilikula mbele yake, tonge kwa tonge, nikitafuna vizuri ili aone. Njaa yangu ilikuwa kubwa na sikuificha. Nilipokaribia mwisho nilimpa tonge lililobaki, naye alilichukua bila hofu, maana alikuwa ameona matonge yangu yalikokwenda.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akupe sahani yako mwenyewe, na akupe mtu wa kukutazama ukila mpaka umalize. Wale waliokula kidogo ili wewe ukue, awakalishe mezani pake mahali pa mbele. Na mzigo uliobaki moyoni mwako, ule usio na jina la dhambi, akusaidie kuubeba kwa shukrani. Amina.